Hesabu ya Wanaobaki

Tangu aingie Durban mwaka 1997, Pierre-Claver alikuwa hajaitwa mwalimu hata mara moja. Kule Bujumbura alifundisha hesabu miaka kumi na mmoja, na mtaani kwake Bwiza hata wauza mkaa walimpisha wakisema, "Mwalimu anapita." Hapa, katika duka la simu la Maman Marie-Jeanne huko mtaa wa Point, wateja walimwita "Cabine", maana kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya meza ndogo, kuangalia saa na kupaza sauti: "Cabine ya pili, Lubumbashi iko kwenye laini! Cabine ya nne, dakika zimekwisha!"

Kuta za zile cabine, vile vibanda vya simu, zilikuwa mbao nyembamba, na kutwa nzima aliwasikia watu wakidanganya makwao. Mlinzi wa magari alimwambia mama yake wa Bukavu kwamba yeye ni mkubwa wa usalama. Mfagia saluni alisema amefungua saluni. Pierre-Claver hakuwacheka. Yeye mwenyewe, katika barua alizotuma kwa mikono ya wafanyabiashara, alikuwa ameandika kwamba anafanya kazi "katika mawasiliano".

Nyumbani kwake kulikuwa ghorofa ya tatu ya jengo kuukuu karibu na bandari, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Aliishi humo na mkewe Odette, mzaliwa wa Uvira, aliyekuwa akisuka nywele mjini, na binti yao wa pekee, Lyse, mwenye miaka kumi na minne. Lyse alikuwa mtoto wa maneno machache. Kiingereza alikianzia hapa, na bado alikitamka polepole kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, lakini kila jiwe alilokanyaga lilikuwa imara.

Mwezi wa saba mwaka 1999, shule ya Lyse ilitangaza maonyesho ya sayansi. Kila mwanafunzi wa darasa la nane achague swali lake, alitafute jibu, alibandike kwenye ubao. Jumapili moja baada ya kanisa, Lyse alikuja mezani na kitabu cha maktaba.

"Papa, iko swali. Humu wanasema galaksi yetu ina nyota zaidi ya bilioni mia. Kama hata chache tu zina watu wenye akili, na wanajua kutengeneza vyombo vya kusafiri, mbona hawajafika hapa?"

Pierre-Claver alihisi damu ikimchemka taratibu, kama zamani alipoingia darasani na kukuta ubao umefutwa vizuri. Alivuta karatasi, akaondoa kifuniko cha kalamu kwa meno.

"Kaa hapa. Tutapiga calcul."

Akamwonyesha. Mwanga, ambao hakuna kitu kinachoupita mbio, unahitaji miaka laki moja kuvuka galaksi kutoka ukingo hadi ukingo. Tuseme chombo cha hao watu kina sehemu moja ya kumi ya mbio hizo: miaka milioni moja. Tuseme tena hawaendi mfululizo. Wanafika kwenye nyota ya kwanza, wanajenga, wanazaa, wanakaa miaka mia nne, ndipo wajukuu wao waunde vyombo vingine na kusonga mbele. Hata wakisimama vituo elfu kumi namna hiyo, haizidi miaka milioni tano. Na galaksi yenyewe ina umri wa miaka bilioni kumi.

"Umri huo wote ukiufanya siku moja, usiku na mchana, hawa watu wangeenea galaksi nzima kabla dakika moja haijaisha. Unaona? Wangekuwa wameshafika zamani. Hawakufika. Kwa hiyo, hawapo." Akapiga mstari chini ya jibu, akaandika C.Q.F.D., zile herufi ambazo walimu wa kwao huzitia mwisho wa uthibitisho, kama mtu anayefunga mlango na kutia ufunguo mfukoni.

Lyse aliitazama karatasi kwa muda. "Lakini Papa, umesema wajukuu wanasonga mbele. Na kama hawasongi?"

"Kwa nini wasisonge?"

"Sisi mbona..." Akasita. "Labda wengine wanabaki njiani."

"Hiyo si hesabu, mama. Hiyo ni hadithi."

Lyse hakubishana. Alichukua karatasi, akasema asante, akaenda nyuma ya pazia.

Kwa wiki mbili zilizofuata, kila jioni kabla ya chakula, alitandika mezani karatasi kubwa yenye miraba, akaweka harage moja katikati, akatupa dadu. Dadu ikionyesha moja, mbili au tatu, harage linabaki pale lilipo milele. Ikionyesha nne, tano au sita, harage linatuma mengine kwenye miraba minne ya jirani. Halafu kila harage jipya nalo linatupiwa dadu yake. Odette alilalamika kwamba mtoto anachezea chakula. Pierre-Claver alipita, akatazama, akatabasamu. "Mchezo wa shule ya chekechea," akasema.

Lyse aliurudia mchezo huo mara thelathini, akiandika kila mara. Mara nne tu maharage yalifika ukingo wa karatasi. Mara nyingine zote yalisimama, moja hapa, moja pale, hadi hakuna tena la kutuma. Na hata mara zile nne, katikati yake kulibaki mapengo meupe, yamezungukwa na maharage yaliyokaa kimya.

Siku mbili kabla ya maonyesho, Pierre-Claver alirudi kutoka kazini akakuta ubao umeegemezwa ukutani, tayari. Juu kulikuwa na hesabu yake, imeandikwa safi. Chini kulikuwa na mchoro wa maharage. Na katikati, mahali ambapo macho huangukia kwanza, Lyse alikuwa amechora mduara mkubwa na kuuandika Bujumbura, 1995, watu kumi na mmoja. Mshale ukaenda Uvira: wanne walibaki. Mshale ukavuka ziwa hadi Kigoma: watatu walibaki. Mshale ukateremka Lusaka: mmoja alibaki. Mshale wa mwisho ulifika Durban: watatu. Kando ya kila mduara kulikuwa na majina. Uvira, la kwanza kabisa, lilikuwa Bibi Godelive, mama yake mzazi Pierre-Claver. Kigoma, Tonton Gaël, mdogo wake, pamoja na mkewe na kitoto. Lusaka, Tantine Antoinette, shangazi yake Lyse.

Alisimama pale na mfuko wa mkate mkononi.

"Hii ni nini?"

"Ni mfano," alisema Lyse. "Ili watu waelewe. Safari haikuwa ndefu sana, Papa. Ukihesabu siku za njiani peke yake, hazifiki mwezi. Lakini kila mahali kuna waliobaki. Toka kumi na mmoja tukawa saba, toka saba tukawa wanne, toka wanne watatu. Wale wa kwenye nyota pengine ni hivyo hivyo. Hawakufa. Wapo, wana nyumba, wana watoto. Ila hawakufika kwetu, na sisi tuko ndani ya pengo."

Mtu mwingine angeweka mkate chini akamkumbatia mtoto. Pierre-Claver aliona kitu kingine. Aliona ukumbi wa shule, wazazi wa Berea, mtaa wa wenye nazo, na magari yao, wakisoma jina la mama yake kama wanavyosoma orodha ya wakimbizi waliopata mablanketi. Aliona mtu akigeuka kumwuliza, kwa upole ule unaochoma: na huyu bibi, mlimwachaje?

"Toa," alisema.

"Papa?"

"Toa hayo majina na hiyo miduara. Hii ni sayansi, si mambo ya ukimbizi. Unataka watuonee huruma? Weka hesabu. Hesabu haina passeport."

Odette aligeuka kutoka kwenye jiko. "Papa Lyse, mwachie. Ni kazi yake."

"Mimi ndiye niliyefundisha hesabu humu ndani."

Odette alimtazama, kisha akarudi kwenye sufuria yake. Lyse alichukua karatasi nyeupe, akaikata, akaipaka gundi, akaifunika miduara yote. Juu yake akaandika kwa herufi kubwa jibu la baba yake: MIAKA MILIONI TANO. Mchoro wa maharage aliuacha, maana haukuwa na jina la mtu.

Maonyesho yalikuwa Jumamosi, katika ukumbi wa shule kule juu Berea. Pierre-Claver aliomba ruhusa kazini, akavaa koti lake la kijivu, lile alilovuka nalo ziwa, akabeba ubao kwenye taxi huku akiwaomba radhi abiria. Ukumbini kulikuwa na meza zaidi ya arobaini: betri za ndimu, volkano za udongo, mahindi yaliyooteshwa kwenye pamba. Mwalimu wa Lyse, Miss Moonsamy, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, aliwasalimu, kisha akatangaza kwa kipaza sauti: majaji wanaingia, wazazi wote tafadhali watoke nje, chai iko kwenye veranda.

Wazazi walitoka. Pierre-Claver aliinama kukaza mguu wa ubao, uliokuwa umelegea kidogo. Kukaza mguu kwenyewe hakukuhitaji dakika. Yeye alikaa pale tano.

Akafika jaji. Aliitwa Daktari Shezi, mwanamke wa Kizulu wa makamo, mwalimu wa chuo kikuu, aliyevaa viatu vya raba kama mtu anayejua atasimama kutwa. Alimkuta Pierre-Claver amechuchumaa, akadhani ni fundi wa ukumbi. Akamsalimu Lyse, akauliza swali lake ni lipi.

Lyse alieleza. Alikwenda polepole, jiwe kwa jiwe, lakini hakuteleza. Nyota, vyombo, mbio, miaka milioni tano. Daktari Shezi alikuwa akitikisa kichwa, kalamu imetulia.

"Vizuri," alisema. "Lakini hapa umechukulia kwamba kila anayefika anaendelea. Na kama wengine hawaendelei?"

Hilo ndilo lilikuwa swali la Lyse mwenyewe, limemjia kutoka kinywani mwa mgeni. Uso wa Lyse uling'aa. Alifungua mdomo, mkono wake ukanyanyuka moja kwa moja kuelekea ile karatasi nyeupe iliyofunika majina. Hapo mkono ukasimama hewani. Akageuka kumtazama baba yake.

Alikuwa anaomba ruhusa. Baadaye Pierre-Claver alilijua hilo bila shaka yoyote, na pengine hata dakika ile alilijua. Lakini aliamua kuona kwamba mtoto amekwama. Akainuka, akafuta magoti, akasogea mbele.

"Niruhusu, Madame, mimi ni baba yake," alisema kwa Kiingereza chake chenye lafudhi ya Kifaransa. "Jambo hilo tumeliangalia."

Akaanza. Mwanzoni alisema "sisi", halafu, bila kujua ni wapi alipogeuza, akasema "mimi". Alieleza dadu, alieleza miraba, alieleza jinsi kila kituo kinavyopunguza watu hadi msafara unakauka. Alisema kwamba nyota nyingi huenda zina watu, ila kati yao kuna mapengo, na Dunia yetu inaweza kuwa ndani ya pengo mojawapo. Mikono yake ilikumbuka ubao wa chaki. Sauti ilimrudia, ile ya kufika dawati la nyuma. Daktari Shezi aliacha kuandika akawa anasikiliza tu, na jaji mwenzake, mzungu mzee, naye akasogea. Ilikuwa furaha ambayo Pierre-Claver hakuwa ameionja kwa miaka minne, na aliinywa kama mtu aliyekuwa jangwani, bila kuangalia kikombe ni cha nani.

"Wewe ni mtu wa hesabu?" Daktari Shezi aliuliza.

"Miaka kumi na mmoja nilifundisha, Madame."

"Inaonekana. Ni wazo zuri sana." Kisha akamgeukia Lyse. "Na wewe, binti, ulifanya nini katika kazi hii?"

Lyse alikuwa ameshusha mkono zamani. Alitazama viatu vyake vya shule.

"Nilipaka rangi," alisema.

Hakulia. Hakumtazama baba yake. Alisema vile kama mtu anayetaja umri wake. Daktari Shezi aliwatazama wote wawili, akaandika mstari mmoja, akaenda meza ya pili. Pierre-Claver alitaka kusema, sivyo, ngoja. Lakini angesema nini? Kwamba maneno aliyotoka kuyasema kwa dakika saba hayakuwa yake?

Saa nane karatasi za majaji zilibandikwa kwenye mbao. Ya Lyse ilikuwa na sentensi moja: kazi hii imefanywa na mzazi, haikuingizwa mashindanoni. Wazazi wa meza ya jirani waliisoma, wakasogea kando kwa heshima, kama watu wanavyosogea kwenye msiba.

Waliteremka Berea kwa miguu, maana Lyse alikataa taxi. Ubao aliubeba mwenyewe. Kila baba yake aliponyoosha mkono, aliuhamishia upande wa pili. Kwenye robot ya pili, kama taa za barabarani zinavyoitwa Durban, wakingoja kuvuka, Pierre-Claver alijaribu: "Wale majaji, unajua, mtu wa Kiafrika akisema vizuri hawaamini..." Hakumaliza. Daktari Shezi alikuwa Mwafrika, na alikuwa ameamini kila neno. Taa ikawa ya kijani, wakavuka.

Odette alikuwa amewasubiri na soda. "Haya, ilikuwaje?"

"Papa alishinda," alisema Lyse, akaweka ubao nyuma ya mlango, uso wake ukutani.

Jumapili Lyse aliyamwaga maharage yake yote ndani ya sufuria ya mama yake. Yaliliwa mchana na ugali. Pierre-Claver alitafuna kila punje akijua ilivyotupiwa dadu. Odette, aliyekuwa ameshasikia habari yote kwa binti yake huko kwenye foleni ya bomba la maji la jengo, hakumpigia kelele. Aliondoa sahani, akasema tu:

"Mtu akiiba kuku, watu watasema ana njaa. Wewe umemwibia mtoto wako, Papa Lyse. Njaa gani hiyo?"

Pierre-Claver aliijua njaa yenyewe, lakini alipoipima, ilimzidishia aibu badala ya kumtetea.

Jumatatu alikwenda shuleni kabla ya kazi. Miss Moonsamy alimsikiliza akiwa amesimama, madaftari mkononi. Pierre-Claver alieleza yote: hesabu ya juu ni yake, lakini wazo ni la mtoto, maharage ni ya mtoto, na yeye ndiye aliyefunika sehemu iliyokuwa bora kuliko zote.

"Orodha imeshapelekwa, bwana," alisema mwalimu. "Hakuna ninaloweza kubadilisha." Halafu, bila ukali: "Nilimwona darasani akihesabu mwenyewe wiki mbili nzima. Ningekuwepo pale kwenye meza ningewaambia. Wewe ulikuwepo."

Alimpa nambari ya ofisi ya Daktari Shezi.

Duka la simu halina siri, na Pierre-Claver alilijua hilo kuliko wote. Angeweza kungoja muda wa chakula, watu wapungue. Lakini alijijua: akingoja, atapata sababu. Alimwomba Maman Marie-Jeanne ruhusa, akaingia cabine ya kwanza, akapiga. Nje, wateja watano walikuwa kwenye benchi.

"Madame, ni baba yake Lyse. Yule wa maonyesho." Aliikaza sauti yake, na ilipokaza ikapanda. "Nilikudanganya. Lile wazo ulilolisifu si langu. Ni la mtoto. Mimi nililiita mchezo. Halafu wewe ulipouliza, nikalichukua."

Benchi lote lilikuwa likisikiliza.

"Kwa nini?" aliuliza Daktari Shezi.

"Sijasimama mbele ya ubao tangu nitoke kwetu," alisema. Akasikia jinsi lilivyo dogo. "Si sababu ya kutosha. Ninakwambia tu kwa kuwa umeuliza."

"Matokeo siwezi kuyageuza."

"Ninajua."

"Lakini niambie. Mtoto wa miaka kumi na minne, wazo hilo alilitoa wapi?"

Hapo ndipo ilipokuwa ngumu. Pierre-Claver aliegemea ukuta wa mbao na kueleza: kumi na mmoja walitoka, wanne Uvira, watatu Kigoma, mmoja Lusaka. Alitaja majina. Alipofika kwa mama yake alilitaja jina lote, Godelive, kwa sauti ile ile ya kuitia wateja, kwa kuwa hakuwa na sauti nyingine.

"Mwambie aandike mwenyewe," alisema Daktari Shezi. "Kwa mkono wake, na hayo majina yakiwemo akitaka. Aniletee mimi. Na wewe, tafadhali, usimsaidie."

Alipotoka, hakuna aliyemtazama usoni. Maman Marie-Jeanne alikuwa anapanga karatasi ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Mlinzi wa magari, yule aliyejiita mkubwa wa usalama, aliinuka benchi, akamshika bega kidogo alipokuwa akipita kuingia cabine, akafunga mlango.

Jioni ile alimngoja Lyse kwenye ngazi za jengo, maana ndani kulikuwa na Odette na alitaka kulisema mwenyewe bila kutetewa wala kusindikizwa. Lyse alifika na mkoba wake, akamwona, akasimama vidato vitatu chini yake.

"Nimekwenda kwa mwalimu wako. Na nimempigia Daktari Shezi. Nimewaambia ni kazi yako, na kwamba mimi niliichukua. Nimekosa, Lyse. Nisamehe."

Kwao, baba kumwomba mtoto msamaha ni kitu kisichoonekana kila siku, na pengine alitegemea, ndani ndani, kwamba ukubwa wa jambo lenyewe ungeyeyusha mengine. Lyse alimtazama kwa uso ule ule.

"Kwa nini uliona haya juu ya Bibi?"

"Sikuona haya juu ya Bibi."

"Ulisema nimtoe."

Jirani alikuwa anapanda na ndoo. Wote wawili walibana ukutani akapita. Pierre-Claver alisubiri hadi hatua zake zikapotea juu.

"Unakumbuka siku ile Uvira risasi zilipoanza? Wewe ulikuwa mgongoni kwa mama yako, mkubwa vile, kwa sababu mguu ulikuwa umevimba. Bibi alikaa kwenye kiti chake uani akasema, nendeni. Watu wote wanadhani nilimbembeleza. Mama yako anadhani hivyo, kwa sababu yeye alikuwa ameshatangulia. Sikumbembeleza. Alisema nendeni, na mimi nilikuwa nimeshageuka kabla hajamaliza neno. Niliposoma jina lake kwenye ubao wako... Wewe uliandika wamebaki. Mimi nilisoma wameachwa."

Lyse alikaa kwenye kidato alichokuwa amesimama. Alichezea kamba ya mkoba.

"Mimi nilimwona," alisema hatimaye. "Nilikuwa natazama nyuma, si nilikuwa mgongoni. Nilikuona ulivyogeuka. Bibi alipunga mkono. Wewe hukuona."

Pierre-Claver alifunika uso kwa viganja. Alilia pale kwenye ngazi, mtu mzima, na koti la kazini. Mtoto hakumkimbilia kumnyamazisha. Alikaa tu, vidato vitatu chini, hadi kilio kilipokwisha chenyewe, halafu akapanda akampita akaingia ndani.

Hayakuisha siku hiyo. Kwa wiki nyingi Lyse alimwamkia, alimpelekea maji ya kunawa, alimjibu alichouliza. Lakini hakumletea swali. Alimalizia kazi za shule maktaba. Kurasa zake kwa Daktari Shezi aliziandika huko huko, akazipeleka kwa mkono wa Miss Moonsamy ndani ya bahasha iliyofungwa. Ubao aliugeuza, akabandua ile karatasi nyeupe kwa mvuke wa sufuria. Baadhi ya majina yalichanika, akayaandika upya. Ulitundikwa juu ya kitanda chake, na kila mgeni aliyeingia chumbani, awe mtu wa kanisa au mteja wa Odette, aliusoma. Wengine walimwuliza Pierre-Claver habari za mama yake. Alijifunza kujibu: alibaki, na mimi sikumngoja. Kila mara ilikuwa kama kukanyaga kaa la moto, na kila mara alikanyaga.

Mwezi wa kumi ilikuja barua ya Daktari Shezi, yenye jina la Lyse peke yake, imepigwa mashine. Aliifungulia chumbani, akaisoma akiwa amesimama chini ya dirisha, ikawa kurasa mbili. Pierre-Claver alikuwa akivua viatu mlangoni. Hakuuliza.

Lyse aliisoma mara ya pili. Midomo yake ilikuwa ikihesabu kitu.

"Anasema wazo ni zuri," alisema bila kuinua macho. "Anasema tena iko kosa moja kwenye maharage yangu. Moja kubwa."

"Wapi?" Neno lilimtoka kabla hajalizuia, na mkono ulikuwa umeshakwenda mfukoni kutafuta kalamu. Aliurudisha.

Lyse aliliona hilo. Alikunja barua mara mbili.

"Hajaniambia ni wapi. Nitalitafuta mwenyewe."

"Ndiyo," alisema Pierre-Claver. "Litafute."

Akachukua ndoo, akateremka kwenda kupanga foleni ya maji.